Ndala Iliyobaki Ngazini

Msikilizaji wangu, leo tunazungumza kuhusu kiuno na mguu, na nitaanza na ndala.

Ilikuwa Jumapili, tunatoka kumpa pole jirani anayekaa ghorofa ya pili. Kaka yangu alikuwa mbele yangu, mkono mmoja ukutani, anashuka ngazi moja moja kama aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Alipofika chini nikaona ndala yake ya kushoto imebaki huku juu, ngazi ya tatu. Nikamwambia, "Kaka, ndala yako." Akautazama mguu wake, vidole vitupu vimekanyaga saruji. Hakuwa na habari kwamba imemtoka.

Kwa miezi mitano tulikuwa tukimsikiliza kaka akilalamika maumivu. Tulijua ni usiku gani hakulala na ni dawa gani haikumsaidia. Lakini katika miezi yote hiyo hakuna hata mmoja wetu, mimi nikiwa wa kwanza, aliyemuuliza mguu ule unaweza kufanya nini na umeshindwa nini. Kama una maumivu ya aina hii, au unamuuguza mwenye nayo, naomba unisikilize hapa. Kabla hamjachagua vidonge, mchuaji, sindano au kisu, ulizeni mguu una nguvu kiasi gani, maumivu yana muda gani, na mwenye mguu anauhitaji kwa kazi gani. Majibu ya hayo matatu yana uzito zaidi kuliko ukali wa maumivu, na mara nyingi kuliko picha ya MRI.

Kaka ni dereva wa lori. Njia yake ni Dar es Salaam kwenda Tunduma, zaidi ya kilomita 900 kwa kwenda tu. Kiuno kilikuwa kikimuuma tangu zamani, maumivu yanakuja na kuondoka, na madereva wengi wanaijua hali hiyo, maana kukaa saa nyingi huku gari linakutikisa kunauchosha mgongo kweli. Siku moja akiwa anavuta turubai kufunika mzigo, akasikia kitu kimemkata kiunoni. Kesho yake maumivu yakawa yameshuka. Yalipita takoni, nyuma ya paja, upande wa nje wa shavu la mguu, yakaishia juu ya unyayo na kwenye kidole gumba. Akikohoa yanampiga shoti. Akitaka kupiga chafya anatafuta meza ya kushika. Kitandani aligeuka kwa awamu, kwanza mabega, halafu nyonga, halafu miguu, na kila awamu ilikuwa na kuguna kwake.

Madereva wenzake wakamwambia ni figo. Mjomba akamvuta pembeni akamnong'oneza kwamba ni ngiri. Nayasema haya kwa heshima, kwa sababu ndiyo majina tunayorithishana majumbani. Lakini figo ziko juu zaidi, chini ya mbavu, na maumivu yake hayateremki hadi kidole gumba cha mguu. Kaka akaenda duka la dawa, akachomwa sindano ya diklofenaki siku tano mfululizo, kisha akaendelea na vidonge vyake wiki baada ya wiki bila mtu kumpima presha wala kumuuliza kama ana vidonda vya tumbo. Dawa hiyo inapunguza maumivu na ina nafasi yake kwa siku chache. Ikiendelea, inaweza kutoboa tumbo na kuziumiza figo zilezile alizodhani anazitibu.

Na sindano yenyewe ina hatari yake. Neva ya siatiki, huu mshipa wa fahamu unaolalamika, ndiyo nene kuliko zote mwilini, na inapita ndani ya tako ikielekea pajani. Sindano inayodungwa katikati ya tako, badala ya robo ya juu upande wa nje, inaweza kuichoma neva hiyohiyo. Wapo watu walioinuka kwenye kitanda cha sindano mguu ukiwa umeshalegea. Ukichomwa huko, una haki ya kumwambia anayekuchoma asogee juu na nje. Mwambie bila kuona haya.

Baada ya ile ndala tukaitana. Kikao kilikaa Mbagala, sebuleni kwa kaka, mwenyewe amelala chali kwenye mkeka, miguu ameikunja, kwa sababu kiti hakikalii. Shangazi alikuwa ametoka Muheza tangu alfajiri. "Mwanangu, mgongo haupasuliwi," akasema. "Mgongo unakandwa." Alimjua mama mmoja mtu mzima, fundi wa kuchua kwa mafuta ya ufuta na karafuu, ambaye watu huletwa kwake wamebebwa wakaondoka kwa miguu yao. Mdogo wetu wa mwisho alitaka upasuaji ufanyike wiki hiyohiyo, yaishe. Mjomba akatikisa kichwa: "Uti wa mgongo ukiguswa, mtu anapooza. Nimemwona kwa macho yangu." Wifi yangu hakusema neno. Alikuwa anahesabu. Lori lisipotembea hakuna posho ya safari, na kuna mtoto kidato cha tatu.

Hofu ya mjomba ndiyo ninayoisikia kila ninapolizungumza jambo hili, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Uti wenyewe, ile kamba laini ya fahamu inayopita ndani ya pingili za mgongo, hauendi hadi chini kabisa. Kiunoni tuna pingili 5, na kwa watu wengi uti unaishia kwenye ya kwanza au ya pili. Diski ni zile pedi zilizo kati ya pingili, na zinazoharibika mara nyingi zaidi ni zile mbili za mwisho, ile iliyo kati ya pingili ya 4 na ya 5, na ile iliyo chini ya pingili ya 5. Huko hakuna uti tena. Kuna nyuzi za neva zinazoelea kwenye maji, ambazo watabibu wa kale walizifananisha na mkia wa farasi. Daktari anayeondoa kipande cha diski hapo anafanya kazi pembeni ya nyuzi hizo. Anaweza kuijeruhi mojawapo, mfuko wa maji unaweza kuchanika, kidonda kinaweza kuingia vijidudu, na kati ya watu 100 wanaofanyiwa, 5 hadi 15 hivi diski hutokeza tena. Hayo ni mambo ya kweli na lazima yawekwe mezani. Lakini kupooza kabisa alikokuogopa mjomba ni jambo adimu kwenye upasuaji wa aina hii.

Huyo mtu aliyemwona nasadiki alimwona. Huenda alikuwa na ugonjwa mwingine, na kwetu sisi unaojulikana sana ni kifua kikuu cha mgongo. Daktari wa Uingereza, Percivall Pott, aliueleza mwaka 1779, na hadi leo uko nasi. Unakula pingili, unaleta kibiongo, na mara nyingi unakaa juu zaidi, mahali ambapo uti upo, ndiyo maana unapoozesha. Mgongo ukiuma hata ukiwa umelala, huku unapungua uzito, una homa za jioni na jasho la usiku, usiende kwa mchuaji. Nenda upimwe. Dawa zake ni za miezi mingi, lakini zinaponya, na kwenye vituo vya serikali zinatolewa bure. Inaniuma sana kila ninaposikia kijana amechuliwa miezi sita juu ya pingili inayoliwa na kifua kikuu.

Kaka hakuwa na dalili hizo. Kikao kiliishia kumpeleka hospitali, na daktari wa huko alimweleza tatizo lake kwa lugha ya udereva. "Umewahi kuona tairi limetoa nundu ubavuni?" Kaka akacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Diski ina ukuta wa nyuzi zilizopangwa tabaka kwa tabaka, na ndani yake kuna kitu laini kama uji mzito. Ukuta ukichoka, cha ndani kinasukuma nje, na kikikutana na mzizi wa neva kinaubana na kuuchoma. Ujuzi huu hata miaka mia haujatimiza. Ni mwaka 1934 ndipo William Mixter na Joseph Barr, madaktari wa Boston, Marekani, walipochapisha maelezo kwamba diski iliyopasuka ndiyo inayoleta maumivu haya ya mguu, na ndipo upasuaji wake ulipoanza kushika kasi.

Ila kuna tofauti moja na tairi, na ndiyo iliyonifanya niwe na subira na ugonjwa huu. Nundu ya tairi haisinyai. Ya diski husinyaa mara nyingi. Mwili hukichukulia kile kipande kilichotoka kama kitu kigeni, ukakila taratibu kikapungua, na vipande vikubwa vilivyopasuka na kutoka kabisa, vile vinavyotisha kwenye picha, mara nyingi ndivyo vinavyosinyaa zaidi.

Nina jirani anayeuza maandazi. Mwaka uleule kaka alipougua naye alishikwa, kiuno hadi mguu, na picha yake ilionyesha diski ileile ya kaka. Alikuwa na wiki saba. Maumivu yalimliza, lakini alipoambiwa atembee kwa visigino alitembea, na kwa ncha za vidole alitembea. Mwenzake mmoja alimshauri auze friji akapasuliwe. Picha peke yake haikutosha kumpeleka huko. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapiga picha za MRI watu 98 wasiokuwa na maumivu yoyote ya mgongo, na zaidi ya nusu walikutwa na diski iliyovimba angalau mahali pamoja. Ukipiga picha kila mgongo wa mtaani kwetu utapata diski mbovu hata kwa anayecheza ngoma vizuri.

Uholanzi walilipima swali la jirani yangu, apasuliwe au asubiri, moja kwa moja. Wagonjwa 283 wenye maumivu makali ya mguu, ya kati ya wiki 6 na 12, waligawanywa kwa kura, wengine wakapasuliwa mapema na wengine wakaendelea kutunzwa bila kisu. Matokeo yalitolewa mwaka 2007. Waliopasuliwa walipata nafuu upesi, nusu yao ndani ya wiki 4 hivi, na wa upande wa pili ilichukua kama wiki 12. Lakini ulipofika mwaka mmoja, asilimia 95 ya kila upande walikuwa wamepona. Niongeze kwamba asilimia 39 ya waliosubiri walishindwa njiani wakapasuliwa. Kwa hiyo kisu kwa mtu kama jirani yangu kinanunua muda, yaani wiki nane za maumivu pungufu. Kwa mwingine wiki nane ni kila kitu. Yeye aliamua friji ibaki.

Na hakusubiri kitandani. Kulala siku nyingi kulikuwa ushauri wa zamani, na sasa umeachwa, kwa sababu misuli inalegea na mgongo unakakamaa. Alitembea kila asubuhi, mwanzo hadi kwenye nguzo ya umeme na kurudi, baadaye hadi sokoni. Mtaalamu wa mazoezi tiba alimfundisha mazoezi machache, akayafanya kila siku kwenye khanga aliyotandika sakafuni. Meza ya kukandia unga aliinyanyua kwa tofali mbili kila mguu ili asiiname. Mwezi wa tatu ulipoisha alikuwa amerudi kwenye karai lake.

Sasa rudi kwa kaka. Daktari yuleyule wa tairi alimwambia avue viatu atembee kwa visigino. Mguu wa kulia ukasimama vizuri. Wa kushoto ukawa unaanguka mbele, pa, pa, pa, sakafuni. Akamlaza, akaweka kidole chake juu ya kidole gumba cha kaka: "Inua, nizuie nisikushushe." Cha kulia kilikuwa kigumu kama msumari. Cha kushoto kilishuka kwa kuguswa tu. Chumba kikawa kimya. Kisha daktari akauliza swali ambalo kikao chetu kizima hakikuliuliza: "Huu wa kushoto ndio wa klachi, siyo?"

Akaziweka njia mezani moja moja, kila moja na inachotoa na inachochukua. Vidonge vya maumivu ya neva, kama pregabalini, watu wengi huandikiwa, lakini Australia mwaka 2017 walivijaribu kwa wagonjwa 209 wa siatika, yaani maumivu haya ya neva ya siatiki, na havikupunguza maumivu ya mguu kuliko vidonge bandia, huku vikiongeza kizunguzungu. Dereva wa lori na kizunguzungu hawapandi gari moja. Sindano ya steroidi karibu na mzizi wa neva ingeweza kumtuliza kwa muda, wengine wiki chache, na si kila mtu inamsaidia. Mazoezi yangeendelea kwa vyovyote. Upasuaji kwake ulikuwa na hoja mbili. Ya kwanza ni muda: utafiti wa Kanada uliotolewa mwaka 2020, wa watu 128 wenye maumivu ya miezi 4 hadi 12, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliopasuliwa walikuwa na maumivu madogo ya mguu kuliko waliobaki kwenye matibabu mengine. Ya pili ni nguvu. Mguu unaouma bila kupungua nguvu unaweza kusubiriwa. Mguu unaoendelea kulegea hausubiriwi hivyo.

Wakakubaliana wiki mbili za kuangalia. Wiki ya pili kidole hakikuinuka kabisa.

Kabla ya kutia saini, daktari alisema jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi, na ningependa walisikie: "Upasuaji huu ni wa mguu. Kiuno chako usitegemee kitakuwa kipya." Diski inayobana neva ikiondolewa, mguu ndio unaopata nafuu kubwa. Maumivu ya kiuno peke yake, yale sugu ya zaidi ya miezi mitatu yasiyoshuka mguuni, kwa kawaida kisu si mahali pake pa kuanzia. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu maumivu sugu ya kiuno. Limependekeza mazoezi, kumwelewesha mgonjwa hali yake, kumsaidia na hofu na msongo unaokuja na maumivu, na hata kuchuliwa kumo ndani. Nilimpigia shangazi simu kumwambia. Mikanda ya kiuno imo kwenye orodha ya visivyopendekezwa, pamoja na dawa kali za jamii ya afyuni. Wifi yangu alikuwa ameshanunua mkanda, tena kwa fedha ya ada.

Hapa naomba uongeze sauti ya redio, na kama kuna mtu wa nyumbani mwenye maumivu haya mwite. Mtu mwenye maumivu ya kiuno akianza kushindwa kukojoa, au mkojo au haja kubwa vikimtoka bila kujua, au akifa ganzi sehemu za siri na makalio, pale anapokalia tandiko la baiskeli, au miguu yote miwili ikilegea, hiyo ni dharura. Zile nyuzi za mkia wa farasi zote zinabanwa kwa pamoja. Ni safari ya saa ileile, hata kama ni usiku wa manane, kwenda hospitali yenye uwezo wa kumpasua au kumpeleka anakopasuliwa. Hapo usingoje kikao cha familia, usimngoje shangazi, usingoje mshahara. Neva hizo zikikaa zimebanwa zinaweza zisirudi tena, na mtu akabaki na mpira wa mkojo maisha yake yote. Wanawake wengi hulificha hili kwa kuona haya kulitaja mbele ya watoto au wakwe. Mama, sema. Kama huwezi kumwambia mwanao wa kiume, mwambie muuguzi, mwambie jirani, lakini sema usiku huohuo.

Kaka alipasuliwa Jumanne. Siku ya pili aliamka akatembea hadi dirishani, na yale maumivu ya umeme mguuni hayakuwepo. Alisimama pale muda mrefu akiangalia magari barabarani. Kidole hakikuinuka siku hiyo, wala wiki hiyo. Daktari alimwambia neva iliyojeruhiwa hukua polepole sana, kama milimita moja kwa siku, na kutoka kiunoni hadi unyayoni ni mbali, na kwamba si kila nguvu iliyopotea hurudi.

Miezi minne hakuendesha. Tulichanga, kila mtu kwa uwezo wake, na shangazi alileta mahindi na nazi badala ya mchuaji. Kaka alifanya mazoezi yake sebuleni kwenye mkeka uleule wa kikao, mpira umefungwa kwenye mguu wa kochi, anavuta unyayo juu, anaachia, anavuta. Sasa amerudi njiani, safari fupi, Dar na Morogoro. Kila baada ya saa mbili anaegesha, anashuka, analizunguka lori mara tatu. Juu ya unyayo bado kuna ganzi, eneo la ukubwa wa kiganja cha mtoto. Juzi alipita nyumbani jioni, akavua viatu mlangoni, akavaa ndala akaenda msalani. Nilimsikiliza anavyotembea korido nzima, na sauti za ndala zilikuwa mbili.